Barua kwa mwanangu: fungeni na wimbo wa akina mama wa Bethlehemu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniomba mambo mawili: nikuchagulie wimbo wa kufungia zamu ya bendi yenu kwenye huo usiku wa Krismasi wa hevi metali, na nisimwambie baba yako mpaka mambo yaive. Hilo la pili umechelewa. Bango lenu, lile la kiunzi cha mifupa kilichovaa kofia nyekundu, lilifika kwenye simu yake kabla halijanifikia mimi. Alilitazama kwa kitambo, akauliza kama kiunzi nacho kinalipwa. Basi tushughulike na la kwanza.

Nianze na nisichokitaka. Msifunge na ule wimbo wa kengele na gari la theluji. Najua mmekwisha kuufikiria, maana kila bendi huufikiria. Mtaupiga mbio, kijana wenu wa kunguruma atanguruma, watu watacheka, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha kichekesho kitakuwa kimekwisha ilhali wimbo bado unadai dakika mbili. Sina ugomvi na mzaha katikati ya onyesho. Wimbo wa mwisho ndio watu wanaoondoka nao, na mzaha haubebeki mbali.

Tena wakubwa wenu wenyewe walipozigusa nyimbo hizi hawakuzidharau. Mwaka 2008 mwimbaji Ronnie James Dio na Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, walirekodi pamoja wimbo wa kale wa Krismasi wa Kiingereza, wakaupiga polepole na kwa uzito, kama walivyopiga nyimbo zao wenyewe. Rob Halford wa Judas Priest ana albamu mbili nzima za Krismasi, ya 2009 na ya 2019. Na yule mwigizaji mzee Christopher Lee alitoa nyimbo za Krismasi kwa magitaa ya metali mwaka 2012, akiwa na miaka 90. Sauti yake ilikuwa imezeeka, lakini kila neno alilitamka kama mtu anayesoma somo kanisani. Hiyo ndiyo nidhamu ninayokupigia kelele tangu ukiwa mdogo kwenye sauti ya kwanza, na wewe ukinijibu kwa kukodoa macho.

Nilidhani utaniomba ule wa Mykola Leontovych wa Ukraine, unaojulikana kwa Kiingereza kama Carol of the Bells, kwa sababu ndio unaopendwa zaidi na watu wa magitaa. Unaujua, kwa noti za sol-fa: d, t, d, l, halafu tena d, t, d, l, mpaka mwisho. Leontovych alikuwa mwalimu wa kwaya kama mimi. Ulipoimbwa Kyiv mwaka 1916 haukuwa wa Krismasi hata kidogo. Ulimhusu mbayuwayu aliyeingia nyumbani kuwatakia watu heri ya mwaka mpya, na maneno ya kengele yaliongezwa Marekani miaka ya 1930. Noti nne zinazojirudia bila kuchoka, ni nini hiyo kama si rifu? Ndiyo maana unakaa vizuri mno kwenye gitaa. Tatizo ni kwamba bendi ya Savatage iliutoa mwaka 1995, ukaja kuvuma kwa jina la Trans-Siberian Orchestra, na tangu hapo kila anayeupiga hulinganishwa nao. Wao wana wapiga violini, taa na mitambo ya kujaza uwanja. Ninyi ni wanne.

Ninaowapendekezea ni wimbo wa Coventry, yaani Coventry Carol. Hauna malaika, hauna nyota. Unatoka kwenye mchezo wa kuigiza ulioonyeshwa mitaani katika mji huo wa Uingereza na chama cha washona nguo na mafundi wa vitambaa. Maneno tuliyo nayo yaliandikwa na Robert Croo mwaka 1534, na tuni yake inajulikana tangu 1591. Kwenye mchezo, Herode amekwisha kutoa amri ya kuua watoto wachanga, ile ya Mathayo sura ya 2. Kabla askari wake hawajafika, wanatokea wanawake watatu wa Bethlehemu wamepakata watoto, na wanawabembeleza. Basi. Wimbo wote ni huo, mama akimbembeleza mtoto ambaye hatamwona akikua.

Sisi wa kwaya huu upande wa Krismasi tunauruka. Tunafika kwa wachungaji, tunafika kwa mamajusi, tunafunga daftari na kwenda kula. Sura hiyo hiyo ina mfalme aliyepagawa kwa wivu, ina kilio, ina familia inayokimbia usiku kwenda nchi ya ugeni. Ninyi mnaojigamba kwamba muziki wenu hauogopi giza, giza hilo liko ndani ya Krismasi yenyewe, na limekaa karne nyingi likisubiri mtu mwenye amplifaya kubwa.

Sasa sikia jambo lililonifurahisha nilipokuwa nikiutafuta. Thomas Sharp aliuchapisha wimbo huo mwaka 1825 kutoka kwenye mswada wa zamani. Mswada wenyewe ukaja kuteketea mwaka 1879, maktaba ya Birmingham ilipoungua. Kwa hiyo alichonakili Sharp ndicho tulicho nacho. Na Birmingham, kilomita 30 hivi kutoka Coventry, ndiko walikotoka Black Sabbath, ambao albamu yao ya kwanza ya Februari 1970 mnaiheshimu kama msahafu. Iommi alikuwa na miaka 17 mashine ya kiwandani ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa kuwa ni wa shoto, huo ndio mkono wa kubana nyuzi. Akayeyusha plastiki akajitengenezea vikofia vya vidole. Baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize, na gitaa likashuka chini likawa zito. Ninyi mnashusha nyuzi kwa sababu inapendeza. Yeye alishusha kwa sababu ya maumivu.

Twende kwenye kazi. Wimbo unaanza l, l, se, l, d, t, l, se. Tazama hiyo se, yaani s iliyopandishwa nusu hatua: inajibana chini ya l, inatoka, inarudi kujibana tena. Nusu hatua hiyo ndiyo mnayoipenda kwenye rifu zenu zote, ila hapa imetungwa na mtu wa karne ya 16. Msiubadili mwendo wake wa mapigo matatu ukawa wa manne ili mpiga dramu astarehe. Ajifunze. Na msiuharakishe: mtoto habembelezwi kwa kanyagio mbili za dramu. Kama hawezi kutulia, mpeni ubeti wa Herode, hapo afanye fujo anavyotaka.

Jambo la muhimu ni kodi ya mwisho, yaani zile noti zinazopigwa kwa pamoja, na hapa nakuomba usome polepole. Kodi zenu nzito zina noti mbili tu, ya kwanza na ya tano, yaani l na m bila kitu katikati. Mnafanya hivyo kwa sababu distosheni, ule mkwaruzo wa gitaa, haipatani na noti ya tatu. Gitaa likikwaruzwa, noti mbili zinazaa nyingine, na kwa ya kwanza na ya tano hizo nyingine zinaangukia mahali pazuri, lakini ukitia ya tatu zinagongana na sauti inakuwa uji. Sawa. Lakini ya tatu ndiyo inayosema kama kodi ina huzuni au ina furaha. Magitaa yenu wimbo mzima yatakuwa hayajasema.

Na huu wimbo, mwanangu, una huzuni njia nzima, halafu kwenye kodi ya mwisho unatoa de, yaani d iliyopandishwa nusu hatua, badala ya d. L, de, m. Unageuka kuwa mwangaza mahali ambapo hakuna sababu ya kuwa na mwangaza, kwa sababu askari wako mlangoni. Nimeufundisha na bado sijui kwa nini mtunzi alithubutu. Najua tu kwamba ukiufuta, umeuharibu.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Pigeni l na m kwa nguvu zote, nyuzi ziachwe zilie, na ile de iimbwe na watu. Mtu asiiweke kwenye gitaa. Nitakuletea waimbaji watatu wa alto kutoka kwangu, watatu kama wale wanawake wa kwenye mchezo. Wamekwisha kukubali, mmoja ameuliza kama atavaa nyeusi. Wapewe maikrofoni zao, na fundi mitambo aambiwe mapema kwamba kwenye kodi hiyo wao ndio wa kwanza kusikika, magitaa yawe nyuma yao. Mwambie kwa maandishi. Mafundi mitambo ninawajua, wa kanisani na wa kwenu ni ukoo mmoja: sauti ya mwanamke ikipiga filimbi kidogo kwenye spika, wanaishusha na hawaipandishi tena.

Kijana wenu wa kunguruma nampenda, ila nina wasiwasi na koo lake. Mngurumo mzuri hautoki kwenye nyuzi za sauti zenyewe. Unatoka kwenye mikunjo iliyo juu yake, na unasukumwa na pumzi ya tumboni. Akimaliza mazoezi akawa anaumwa au amekauka sauti mpaka kesho yake, anakosea, na kunywa asali hakutamsaidia. Aje nimfundishe pumzi. Sitamcheka, na Herode anahitaji mtu wa kumngurumia vizuri.

Masikio. Hapa sibembelezi. Wataalamu wa afya kazini huhesabu desibeli 85 kwa saa nane kuwa mpaka, na kila zikiongezeka tatu muda unakatwa nusu. Piga hesabu: desibeli 100 ni robo saa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza kumbi zisizidi wastani wa 100, na chumba chenu cha mazoezi, chenye kuta za karibu na dramu katikati, hakina mtu wa kupima. Seli za ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Nunueni vizibo vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti zote kwa usawa, kwa sababu vile vya sponji vinafuta sauti nyembamba na utaishia kuvitoa ili usikie. Uvivae mazoezini pia. Mlio ukibaki masikioni baada ya onyesho, hilo ni jeraha, usiwahadithie wenzako kama sifa.

Shingo nayo. Watafiti walilichunguza jambo lenu la kutikisa kichwa, na jarida la tiba la BMJ likalichapa kwenye toleo la Krismasi la 2008, toleo ambalo hupenda utani, lakini hesabu ni za kweli: wimbo wa kawaida wa kutikisia una mapigo 146 kwa dakika, na kichwa kikienda mbele na nyuma zaidi ya digrii 75 kwa mwendo huo, ubongo unaanza kuathirika. Punguza upana. Hakuna atakayepima kutoka safu ya nyuma.

Bibi yako ameuliza habari za ile alama ya pembe mnayonyanyua, kidole cha shahada na cha mwisho. Ameona picha, hakulala vizuri. Nimemweleza kwamba aliyeieneza ni yule Dio, na kwamba alisema ameirithi kwa bibi yake Mwitaliano, aliyeitumia kufukuza jicho baya. Akanyamaza, kisha akasema, «Kumbe ni jambo la bibi.» Sasa anataka kuja. Mtafutieni kiti cha pembeni, mbali na wale wanaosukumana, ingawa nimemwambia kwamba hata wale wana sheria yao, anayeanguka huinuliwa kwanza na kila mtu anasimama. Na mpeni vizibo vyake.

Wazee wa kanisa wakiniuliza, nina jibu. Ule wimbo wa usiku mtakatifu, unaoimbwa taa zikiwa zimepunguzwa, uliimbwa kwa mara ya kwanza mkesha wa Krismasi wa 1818 huko Oberndorf, Austria, na padri Joseph Mohr na mwalimu Franz Xaver Gruber, sauti mbili na gitaa. Gitaa, kanisani, mkesha wa Krismasi. Watasema halikuwa na umeme, nami nitasema wala kanisa halikuwa nao.

Mimi nitasimama karibu na meza ya fundi mitambo. Wanaojua husimama hapo, kwa sababu sauti hutengenezwa kwa sikio la aliye hapo, na pia nitaweza kumwangalia anavyoigusa ile maikrofoni ya alto.

Nijibu kabla ya Jumamosi mambo mawili. Mnashusha nyuzi mpaka noti gani? Nikijua hilo nitaandika sauti tatu za alto kwa ufunguo wenu, kwa maana wa kwangu mmoja akishushwa sana haisikiki isipokuwa pumzi. Na dramu ataweza mwendo wa tatu, au nimtafutie muda aje na fimbo zake mezani kwangu?

Mama yako