Makarani wa posho wafundishwe kwa jalada, si kwa semina

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Posho ya mwanafunzi wa uzamili au uzamivu ikichelewa, lawama humwendea mfadhili. Lakini mara nyingi fedha imeshafika chuoni, ila jalada limekwama kati ya meza mbili kwa kuwa hakuna aliyefundishwa nani alisukume.

Mwanafunzi wa shahada za juu anaweza kulipwa kwa mikondo mitatu kwa wakati mmoja: ada inabebwa na mfuko wa chuo, posho ya kujikimu inatoka kwenye ruzuku ya utafiti ya msimamizi wake, na ujira wa kufundisha unapitia orodha ya mishahara. Kila mkondo una kasma yake, yaani fungu lake la bajeti, mwidhinishaji wake na tarehe yake ya kufungwa. Anayetakiwa kuiunganisha ni karani wa idara, ambaye pia hupanga ratiba za mitihani na kutafuta funguo za kumbi.

Mafunzo anayopewa ni ya nusu siku. Mkufunzi anaonyesha kurasa za mfumo wa malipo, chai inanywewa, vyeti vinagawiwa. Karani anatoka akijua pa kubofya, hajui kinachotokea baada ya hapo. Ni afadhali siku mbili, kabla wanafunzi hawajaripoti, za kupitisha jalada moja lililofutwa majina kuanzia barua ya ahadi ya ufadhili hadi kuhitimu, kwenye mfumo wa majaribio, huku makosa yakiwa yametegwa humo makusudi. Mwanafunzi hajasajiliwa muhula huu, hivyo msamaha wa ada haujaingia na mfumo umeanza kumtoza faini. Jina la akaunti ya benki halilingani na la usajili, malipo yamerudishwa. Ameahirisha masomo lakini posho inaendelea kutoka, na siku moja atadaiwa yote kwa mkupuo.

Hesabu za sehemu ya mwezi nazo zifanywe kwa mkono. Posho ikiwa 900 kwa mwezi na mwanafunzi ameanza tarehe 16 ya mwezi wenye siku 30, anastahili siku 15, yaani 450. Karani anayetoa 16 kwenye 30 anapata siku 14 na kumlipa 420, kwa sababu amesahau kuhesabu siku ya kuanza. Mwezi ukiwa na siku 31, siku zinakuwa 16, na jibu ni 480 ukigawa kwa 30 au 464.52 ukigawa kwa 31. Chuo kichague kanuni moja na kuiandika, maana idara mbili zikitumia kanuni mbili, wanafunzi watalinganisha hati zao za malipo kabla mkaguzi hajafika.

Kosa la gharama kubwa zaidi liko kwenye ruzuku. Barua inaahidi posho hadi Juni ilhali ruzuku inaisha Machi. Malipo ya Aprili yakiingizwa kwenye kasma ileile, mfadhili anayakataa na chuo kinajilipia. Dawa yake ni jedwali la tarehe za mwisho za ruzuku zote, linalotazamwa kila mwezi, na msimamizi anaulizwa siku 90 kabla: mwanafunzi huyu atahamia kasma ipi? Jibu la “fedha ipo kwenye mradi mwingine” halitoshi. Ruzuku ya mradi mmoja hailipii kazi ya mradi mwingine.

Posho na ujira pia visichanganywe. Katika nchi nyingi havikatwi kodi kwa namna moja, na karani asijitwike kutoa ushauri wa kodi au wa vibali vya ukaazi. Ajue tu ampeleke mwanafunzi kwa nani.

Nyenzo zinazohitajika si ghali. Kalenda ihesabiwe kurudi nyuma: ikiwa malipo ni tarehe 25 na orodha inafungwa tarehe 15, idara iwe na barua iliyosainiwa kufikia tarehe 5. Pawe na anwani ya barua pepe ya ofisi, si ya mtu, na karani wa pili anayeweza kushika kazi wa kwanza akiwa likizo. Kila mwezi orodha tatu zilinganishwe: waliosajiliwa, walioahidiwa, waliolipwa. Jina lililopo kwenye moja na kukosekana kwenye nyingine lipatiwe maelezo kabla ya malipo yanayofuata.

Wakuu wa vyuo wakitaka kujua kama mafunzo yamesaidia, wasihesabu vyeti. Wahesabu malipo ya dharura yaliyofanywa nje ya orodha ya kawaida, mwezi kwa mwezi, idara kwa idara. Idara ambayo idadi yake haishuki ndiyo irudiwe kufundishwa, na msimamizi wa utafiti aketi darasani pamoja na karani wake.

Mdau wa elimu ya juu