Kinga ya mgonjwa wa homa ya ini C haijalala

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu nikiwa kazini na sijawahi kukuandikia hata mara moja. Habari yenu ya homa ya ini C imenishinda kuinyamazia. Mliandika kwamba virusi hivi hukaa kwa mtu ambaye kinga yake imelala, kisha mkamshauri atafute dawa za kuiamsha. Si kweli, na kwetu Newala maneno kama hayo yameshatuumiza.

Nilikuwa mwalimu wa baiolojia. Katika ugonjwa huu kinga huchelewa, hupigana, na kwa wengi huishia kuchoka. Virusi huonekana kwenye damu wiki moja au mbili tu baada ya kuingia, lakini seli T, yaani askari wa kinga ambao ndio tegemeo la vita hii, huja na nguvu baada ya wiki 5 hadi 9 hivi. Aina moja ya seli T, yaani CD4, ambazo huku kila mtu anazijua kutokana na kliniki za UKIMWI, huzisaidia na kuzitia nguvu nyingine ziitwazo CD8, na hizo CD8 ndizo huzishambulia seli za ini zilizoingiwa na virusi. Zikisaidiana ipasavyo mtu hupona bila dawa ndani ya miezi sita. Shirika la Afya Duniani linasema ni kama watu 30 katika kila 100. Kwa wengine CD4 hulegea mapema, virusi hujibadilisha ili visitambulike, na CD8 hupambana navyo mfululizo mpaka zinaishiwa nguvu: zimo ndani ya ini, ila haziwezi tena kazi yake. Hata makovu ya ini kwa sehemu kubwa hutokana na mapigano hayo hayo. Mtu huyo mnamwambia anywe mizizi ya kuamsha kinga, iamke ikafanye nini zaidi?

Mdogo wangu alikwenda kuchangia damu. Baadaye akaitwa, akaambiwa dirishani, foleni nzima ikisikia, kwamba ana homa ya ini C. Hakuna aliyemweleza kwamba kipimo kile kinatafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza ukikutana na virusi, na kwamba kingamwili hubaki miaka mingi hata kwa mtu ambaye seli T zake zilikwisha kuvimaliza virusi. Alirudi nyumbani akiwa mgonjwa kwa sababu ameambiwa ni mgonjwa. Mama akamtengea sahani, na kikombe chake cha bati akakifunga uzi mwekundu kwenye kishikio kisichanganyike na vya wajukuu, ingawa ugonjwa huu hupita kwa damu na hauna habari na sahani wala kikombe. Akaja muuza dawa na chupa zake za kuongeza kinga. Fedha ya salfa, dawa ya mikorosho, ikaenda yote huko, mikorosho ikashikwa na ukungu wa ubwiriunga, na msimu ule hakupeleka kitu cha maana ghalani. Ndipo nilipompandisha basi kwenda Dar es Salaam kupimwa virusi vyenyewe. Havikuwamo. Alikuwa amepona zamani, pengine hata hakujua lini aliugua.

Na hilo la dirishani nalo liandikeni. Majibu ya damu ya mtu si bei ya nauli hata yatangazwe mbele ya watu! Mgonjwa aitwe ndani, mlango ufungwe, akalie kiti, aulize anachotaka kuuliza.

Naomba sahihisho, ukurasa ule ule, herufi za ukubwa ule ule. Liseme kwamba kipimo cha kwanza kikionyesha kingamwili, lazima kifuate cha kutafuta virusi, na mtu asiitwe mgonjwa kabla ya hapo. Liseme kwamba anayekutwa na virusi ana tiba: vidonge vya kumeza, kwa kawaida wiki 12, vinavyoponya zaidi ya watu 95 katika 100, na kazi yake ni kuvizuia virusi visizaliane. Liseme pia kwamba chanjo ya homa ya ini B haikingi C, na C yenyewe bado haina chanjo.

Mkilichapa, nitalikata nilipeleke kwa mama nimsomee mwenyewe. Kikombe cha mdogo wangu bado kimetundikwa peke yake, na uzi haujafunguliwa.

Mwalimu mstaafu,
Newala, Mtwara