Sadaka ya Jumapili, mizani ya Jumatatu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mama muuza maharage na mchele hapa Tandale, na Jumapili naimba kwaya. Naomba nafasi niseme na Wakristo wenzangu wa sokoni.

Kuna sumaku hubandikwa chini ya sahani ya mizani. Mteja anasoma kilo moja, nyumbani anafika na robo tatu. Kuna na kopo lililobonyezwa kitako. Yote nimeyaona, tena kwenye mabanda yaliyoandikwa "Yesu ni Bwana" kwa rangi nyekundu. Ukiuliza unajibiwa, "Biashara ni biashara, mama." Halafu mtu huyohuyo ndiye wa kwanza kuahidi mabati kwenye harambee!

Wachungaji wetu fungu la kumi wanalihubiri vizuri sana. Mbona Walawi 19 hawaimalizi? Mstari wa 18 unasema mpende jirani yako, kila mtoto wa Sunday school anaujua. Teremka hadi wa 35 na 36: mizani ya haki, vipimo vya haki. Ni sura ileile. Na Zakayo hakukimbilia kujenga sinagogi. Aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne.

Wakala wa Vipimo wana kazi yao. Mimi naomba wazee wa kanisa wapite sokoni siku za kazi, wanunue kilo mojamoja kwa waumini wao, wakapime upya. Waanzie kwangu, sitanuna.

Muuza nafaka,
Tandale, Dar es Salaam