Usiku nilikesha mimi, makofi akapigiwa yeye

Shikamoo Anti,

Ni saa tisa usiku, mume wangu anakoroma, mtoto tumboni anapiga mateke, na baridi ya Mbeya unaijua. Tangu Ijumaa sina usingizi. Naomba usiseme ni wivu.

Ofisini kwetu tunanunua parachichi za wakulima wa Rungwe. Kanzidata yao, mizigo na malipo, niliijenga mimi tangu enzi za daftari. Huyu kijana aliletwa anisaidie. Mpole, ana salamu, kila mtu anampenda. Kazi hajui.

Ijumaa mkulima mmoja wa Kiwira alibadilisha namba ya simu. Kijana akaandika UPDATE, amri ya kubadilisha, akasahau WHERE. Yaani hakutaja abadilishiwe nani, basi wakabadilishiwa wote. Wakulima 1,312, namba moja! Na malipo yalikuwa yatoke Jumamosi asubuhi. Nilipofungua orodha nikaona namba ileile inashuka mpaka chini ya skrini, magoti yakalegea. Nimemwambia mara ngapi: anza na SELECT, amri ya kutazama tu, uone utagusa mistari mingapi, kisha fungua muamala wa kanzidata, mabadiliko yasikae mpaka uyathibitishe, ukikosea unarudisha na hakuna atakayejua. Anaitikia tu, "Sawa, shemeji."

Ndiyo, ni mdogo wake mume wangu. Nitafika huko.

Nilikesha na tumbo hili, narudisha namba kutoka kwenye bekapu ya Alhamisi. Wale waliosajiliwa Ijumaa yenyewe bekapu haikuwa nao, nikawatafuta kwenye fomu za karatasi, mmoja mmoja. Kunakucha ndiyo namaliza. Jumatatu kikaoni bosi akasimama, akamshukuru yeye kwa kuokoa malipo. Alikuwepo, sikatai. Alichemsha chai. Watu wakapiga makofi, naye akainamisha kichwa, akatabasamu. Neno hakusema.

Si kwamba nataka makofi.

Kabla ya hapo kulikuwa na ile ya ng'. Yeye jina la mkulima analibandika moja kwa moja ndani ya amri, halipitishi kama kigezo, yaani pembeni ya amri, kwa hiyo ritifaa, kile kialama cha juu cha ng', inaikata amri katikati. Kila akisajiliwa Mwang'onda, mfumo unagoma. Dawa yake ikawa kuwaambia makarani wa mizani waandike Mwangonda. Sasa jina halilingani na la kwenye laini, mzee wa watu kapanda gari toka Tukuyu kuja kuuliza hela yake iko wapi. Na tundu hilohilo ndilo mwizi anapitia, anaandika amri zake kwenye nafasi ya jina. Nililiziba mimi. Alipongezwa nani? Hakuna, maana hakuna aliyejua.

Kumsema kwa bosi naona aibu, CV yake niliipeleka mimi na nikamsifia. Mama mkwe mpaka leo ananiombea dua kwa hilo. Mume wangu nikimweleza anasema mdogo wangu atajifunza tu. Atajifunzia kwenye hela za watu?

Sitaki afukuzwe, Mungu ananiona. Nataka ahamishiwe mizani. Hapana, huko nako ataandika majina vibaya.

Sasa mwezi ujao naanza likizo ya uzazi, siku 84, na bosi ameagiza nimkabidhi paswedi kuu kwa kuwa "ameshaonyesha uwezo". Nikimnyima, nyumbani pamewaka. Nikimpa, sijui nitanyonyesha kwa moyo gani. Nimewaza kumfungulia akaunti ya kusoma tu na laptopu niondoke nayo hospitali, ila nitakuwa namlinda yeye tena, na makofi apigiwe yeye tena. Au nimwambie bosi ukweli wa ile Ijumaa? Lakini mbona mwenyewe hakusema? Pale pale, makofi yanapigwa, angesema tu "ni shemeji".

Nijibu mapema, Anti. Na neno parachichi ulitoe, andika mazao, wataniotea.

Mimi mwanao, Mbeya