Zuhura, usizisugue sarafu za babu

Magomeni, Dar es Salaam

Mpenzi Zuhura,

Salamu nyingi, sisi huku hatujambo. Ujumbe wako nimeusoma jana usiku, na hiyo habari kwamba unataka kuzisugua sarafu za babu kwa ndimu na majivu imeninyima raha. Kama hujaanza, nakuomba usianze.

Najua zinaonekana chafu. Lakini ule weusi kwenye rupia za fedha, na ule ukahawia kwenye heller, zile sarafu ndogondogo za enzi za Mjerumani, umejijenga wenyewe kwa zaidi ya miaka mia, na wakusanyaji wanautaka hivyohivyo. Ndimu, siki, majivu, dawa ya meno, Brasso, vyote hula au kukwangua uso wa sarafu. Itang'aa kweli, ila mjuzi akiigeuzageuza kwenye mwanga ataiona mikwaruzo myembamba, na bei inaporomoka hapohapo. Rangi ile ikishatoka, imetoka.

Ninayoihofia zaidi ni ile heller 20 yenye taji, mwaka 1916 na herufi T. T hiyo ni Tabora. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliwafungia Wajerumani njia ya bahari, sarafu zikaadimika, basi Wajerumani wakazigonga wenyewe kwenye karakana ya reli kulekule Tabora. Mihuri ya kugongea haikufanana. Ndiyo maana wakusanyaji huzipambanua kwa ukubwa wa taji na kwa ncha za zile L katika neno HELLER: kuna zilizochongoka, kuna zilizopinda. Ukizisugua ncha hizo zikafutika, nani atajua yako ni ya aina gani?

Kama ni udongo tu, loweka kwenye maji yasiyo na chumvi kabisa, yale ya kuongezea kwenye betri za gari. Soma chupa vizuri, maana asidi ya betri nayo huuzwa dukani humohumo! Badilisha maji yakichafuka, kisha gusisha kitambaa laini cha pamba mpaka sarafu ikauke. Kugusisha, si kufuta. Penye gundi au mafuta tumia asetoni halisi, ambayo haili fedha wala shaba. Ile ya kuondolea rangi ya kucha huwa na manukato na vitu vingine. Mimina kwenye bakuli la kioo, fungua madirisha, kaa mbali na jiko. Ukiona unga wa kijani umechipuka kwenye sarafu, itenge na wenzake, uniachie niitazame.

Halafu zitoe kwenye ile mifuko laini ya plastiki, huacha ute wa kijani. Wewe upo Kigamboni, upepo wa chumvi unaingia mpaka chumbani: ziweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Zishike ukingoni tu.

Jumapili navuka na pantoni tuzikague pamoja, na lenzi nakuja nayo. Kabla sijafika usimpe mtu azing'arishe, hata sonara.

Wako,
Mwajuma