Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: mtoto akibweka saa saba usiku

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa Likoni, muuza mahamri. Wateja wangu ni wale wanaowahi feri ya alfajiri, kwa hivyo saa za usiku nazijua vizuri. Ni hizo nataka tuzizungumze: mtoto anaposongwa pumzi na zahanati imefungwa.

Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu. Siku hiyo alilala na makamasi na joto kidogo, mambo ya kawaida ya mtoto. Saa saba usiku nikagutushwa na mbwa anayebweka chumbani. Hatufugi mbwa. Alikuwa ni yeye, anakohoa kikohozi kikavu cha kubweka, na kila akivuta pumzi inatoka mluzi mwembamba, kama upepo unaopenya chini ya mlango. Alipotaka kulia, sauti haikutoka. Nilipomvua fulana, nikaona chini ya kidari panabonyea ndani kila anapovuta.

Mavyaa akasema ni kimeo, kukicha apelekwe kwa mzee akakatwe. Jirani akaja na sufuria ya maji ya moto tumfukize. Siwalaumu, kila mtu alileta alichokuwa nacho. Lakini mvuke hautibu ugonjwa huu, na sufuria ya maji yanayochemka karibu na mtoto anayetapatapa ni janga jingine linalosubiri. Kimeo nacho hakikuwa na kosa lolote. Kukikata ni kumwachia mtoto kidonda na damu koo ambalo tayari linamsonga.

Zahanati ya karibu ilikuwa na kufuli. Tukapanda tuktuk hadi kituo kingine. Nesi, maskini, alikuwa peke yake na foleni. Akatuandikia antibaiotiki ya maji, akasema turudi asubuhi. Nikavuka kwa feri hadi kisiwani Mombasa. Pale juu upepo wa bahari ulipompiga usoni akatulia kidogo, nikadhani labda nimejisumbua bure. Tulipoteremka ng'ambo mluzi ukarudi.

Huko tukampata daktari kijana ambaye hakumnyang'anya mtoto mikononi mwangu. Alimwacha apakatwe, hakumchokoa koo kwa kijiti, kwa sababu mtoto wa hivi akilia njia ya hewa inazidi kubana. Akasikiliza, akahesabu pumzi, akamvisha kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni. Kisha akanitajia jina: krupu, yaani uvimbe wa njia ya hewa. Vidonge vikasagwa ndani ya kijiko cha maji ya sukari, dozi moja kwa uzani wake. Tukawekwa benchi. Adhana ya alfajiri ilipoadhiniwa, mluzi ulikuwa umekwisha na mtoto anadai maziwa.

Dawa yenyewe ni deksamethasoni, Mheshimiwa. Ileile iliyopata jina mwaka 2020 wakati wa Korona. Ni ya bei nafuu, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mtaani kwetu wapo kina dada wanaoinunua dukani wanenepe, jambo la hatari. Yaani ya makalio inapatikana, ya mtoto anayesongwa mpaka uvuke bahari.

Nilimwuliza daktari kwa nini makamasi tu yafanye haya yote. Akageuza kadi ya kliniki, akachora duara mbili. Njia ya hewa ya mtoto mchanga, akasema, ni kama milimita 4 kwa upana. Virusi, mara nyingi vile vinavyoitwa parainfluenza, ambavyo mtu mzima angevipenga tu kwenye kitambaa, vinaivimbisha chini kidogo ya kisanduku cha sauti. Ikivimba milimita 1 tu kuzunguka, nafasi inayobaki ni robo. Ndiyo maana huwakamata zaidi wa kati ya miezi 6 na miaka 3, na usiku ndio huzidi. Ile kadi bado ninayo.

Wengi hupona wenyewe kwa siku chache, sitaki kutia watu hofu. Lakini ule mluzi ukisikika hata mtoto akiwa ametulia, kifua kikibonyea, akishindwa kunyonya au kunywa, au akilegea, hapo hakuna cha kungoja asubuhi. Na wale waliozidiwa wanahitaji oksijeni na adrenalini ya kuvuta kwa mashine, ambayo nguvu yake hupungua baada ya saa 2 hivi, kwa hivyo hawafai kurudishwa nyumbani papo hapo. Hiyo ni kazi ya hospitali kubwa. Siidai kwa zahanati.

Ninachodai ni kile kijiko. Kila kituo cha kaunti kiwe na deksamethasoni, kifaa cha kidoleni, na mtu anayejua kutofautisha kikohozi na kikohozi. Antibaiotiki haiui virusi. Nimonia ya bakteria ina dawa yake, na wahudumu wetu wa afya ya jamii wanaweza kuihisi kwa kuhesabu pumzi tu: 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5. Tena watumeni kwa kina nyanya na kina mavyaa kwanza, kwani amri ya kukata kimeo hutoka kwao. Na kituo kimoja upande huu wa Likoni kikeshe na daktari, usiku wote. Feri haifungwi usiku. Kwa nini zahanati?

Nakujua utaniambia bajeti. Tangu ugatuzi wa 2013 zahanati ni zenu, si za Nairobi, na Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sijaona palipoandikwa "mchana tu".

Kuna na jingine, la virusi vya RSV vinavyowaziba vifua watoto wachanga. Hapo Kilifi tu watafiti wa KEMRI, ile taasisi ya utafiti wa tiba, wamevichunguza miaka mingi, kwa watoto wa pwani hii hii. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zote ziwakinge wachanga, kwa chanjo ya mama mjamzito au sindano ya kingamwili kwa mtoto. Dada yangu ana mimba ya miezi 5. Kliniki hakuna aliyemtajia hata jina. Hilo najua ni la serikali kuu pia, lakini sauti yako inafika mbali kuliko yangu.

Njoo Likoni usiku mmoja, bila msafara, saa nane. Uanze na mlango wa zahanati, kisha upite kwangu. Nitakuwa macho, nakanda unga.

Wako,
Mama muuza mahamri, Likoni