Barua kwa Mwanaidi kuhusu ubongo ambao haukupimwa

Kigoma

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka huku mwisho wa reli. Sisi hatujambo. Bi Zuhura ameanza kutembea bila mkongojo, na Baraka amehamishiwa Kasulu pamoja na familia yake. Najua ukimya wangu umekuwa mrefu, lakini leo nimeshika kalamu kwa jambo ambalo nimeshindwa kulinyamazia, na katika mambo ya sumu na dawa mwilini sina wa kumwuliza isipokuwa wewe.

Kijana mmoja wa Ujiji, aliyerejea kutoka Dar es Salaam baada ya kukaa katika nyumba ya upataji nafuu, wanakosaidiwa wanaoacha dawa za kulevya, alikutwa amefariki kwenye nyumba ya wageni, na mwili wake ulifika mochwari kwetu ukiwa umeshinda kwenye joto. Polisi walisema ni unga, yaani heroini. Mama yake anasema mwanawe alikwisha kuacha, na kwamba siku hizo alikuwa akinywa dawa ya kikohozi yenye kodeini. Majibu ya damu yamerudi yakionyesha mofini, ile dawa kali ya maumivu, na kodeini kidogo, basi. Juzi mama huyo amekuja tena kuuliza mwanawe alikufa kwa kitu gani, na karatasi niliyo nayo haina uwezo wa kumjibu.

Nitaandika ninavyolielewa jambo hili ili unisahihishe. Heroini haikai katika damu. Ndani ya dakika chache hugeuka kuwa 6-monoasetilimofini, ile mnayoiita 6-MAM, na hiyo nayo haichelewi kuwa mofini. Kodeini nayo, sehemu yake hugeuzwa na ini kuwa mofini. Heroini ya mtaani huwa na asetilikodeini, inayotokana na kodeini ya afyuni wakati heroini inatengenezwa, nayo mwilini hugeuka kuwa kodeini, kwa hiyo hata aliyetumia unga mtupu anaweza kukutwa na kodeini kidogo. Mofini ikizidi kodeini, mizani huelemea upande wa heroini, lakini mtu aliyekunywa kodeini saa nyingi kabla ya kufa anaweza kuacha picha inayofanana na hiyo. Kitu ambacho hasa kingemaliza ubishi ni 6-MAM, kwa kuwa haitokani na kodeini wala na mofini ya hospitali. Nayo ndiyo inayopotea upesi, kwa sababu vimeng'enya vya damu huendelea kuivunja hata baada ya moyo kusimama, na hata ndani ya chupa ya sampuli isiyotiwa sodiamu floridi na kugandishwa mapema. Kutoonekana kwake katika damu ile hakumsafishi kijana, wala hakumtii hatiani.

Ubongo ungetuambia zaidi. Heroini na 6-MAM hupenya kwa urahisi kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, kuliko mofini yenyewe, na zikishaingia humo 6-MAM huvunjwa polepole kuliko katika damu. Ndiyo maana inaweza kupatikana katika ubongo wa marehemu ambaye damu yake haionyeshi kitu. Tena ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, mbali na tumbo na ini, ambako dawa huvuja baada ya kifo na kupandisha kiwango katika damu ya moyo. Wewe ndiye uliyenifundisha kuchukua damu ya paja kwa sababu hiyo. Lakini hata damu ya paja, mwili ukianza kuoza, bakteria huweza kuirudisha mofini iliyokwisha kufungwa na ini ikawa mofini huru, na mpimaji akadhani mtu alitumia nyingi kuliko alivyotumia.

Fomu tuliyoletewa ilitaja damu, mkojo na yaliyomo tumboni. Ubongo haukutajwa, na kijana akazikwa siku ileile baada ya uchunguzi. Nimesoma kwamba katika kesi ya daktari Harold Shipman wa Uingereza, aliyewaua wagonjwa wake, mwaka 1998 mwili wa mmoja wao ulifukuliwa na mofini ikapatikana katika msuli wa paja na ini. Lakini mama huyu siwezi kumwambia habari ya kufukua kaburi, na wala sitaki mtu mwingine amwambie. Ninachotaka ni kwamba mwili mwingine wa namna hii usiondoke mochwari kabla ya kipande cha ubongo kuhifadhiwa. Kisitiwe formalini, bali kigandishwe.

Sidai kwamba tarakimu itakayotoka kwenye ubongo itasema yote. Aliyeacha kwa miezi kadhaa mwili wake umesahau kuvumilia, akafa kwa kipimo ambacho zamani kisingemlaza hata usingizi, wakati mtumiaji wa kila siku anatembea na kiwango kikubwa zaidi. Hilo linanitesa kuhusu kijana huyu, kwa sababu kama alirudia mara moja tu, mama yake hakusema uongo aliposema kwamba aliacha.

Nimeandika pendekezo kwa wakubwa wangu, nalo litakataliwa lisipokuwa na utaratibu wa mtu aliye kwenye mashine. Je, maabara yenu inapokea ubongo, au mtaurudisha? Ni gramu ngapi mnazohitaji, na nichukue sehemu gani ili sampuli zote zilingane, ikiwa dawa haisambai sawasawa katika ubongo wote? Mkishausaga na kuondoa protini na mafuta, mnalinganisha na ubongo wa ng'ombe usio na dawa, au mna njia nyingine ya kupata viwango rejea? Boksi la barafu linalosafiri kwa basi kupitia Tabora litafika 6-MAM ikiwa bado ipo, au nisubiri mtu wa ndege? Na je, ile chupa ya damu ya kijana bado mnayo, na inaweza kupimwa upya kutafuta asetilikodeini? Tafadhali nijibu kwa maandishi yenye sahihi yako, maana mama yake ameniambia atakuja tena Jumatatu, na kikao cha wakubwa ni wiki hiyohiyo.

Nisalimie Mzee Hamisi. Mwambie shikamoo yake nimeituma.

Wako,
Rehema